Maji Maangavu Yanayoua Perege

Jioni hii naongea na wale waliokwisha kununua tanki la samaki na mboga, na wale walio njiani kulinunua. Wengine mnaweza kusikiliza huku mkipika, hakuna ubaya.

Watu wa Kilosa mnayasoma maji kwa macho. Mto Mkondoa ukishuka kutoka milimani umebadilika rangi, umebeba magogo na povu la udongo, hakuna anayesubiri kuambiwa. Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, yaliyoharibu reli ya kati na kuwaacha maelfu bila makazi, hayajasahaulika. Watu wa Mikumi nao mnayasoma maji, ila kwa foleni ya madumu na bei yake kiangazi kikikaza. Ujuzi huo ni mali, lakini kwenye tanki la samaki unakuangusha. Maji ya tanki jipya yanaweza kuwa maangavu hata ukaona sarafu chini, hayana harufu, hayana rangi, na asubuhi perege wako wote wakawa wanaelea.

Tuelewane kwanza tunazungumzia kitu gani. Akwaponiki ni kufuga samaki kwenye tanki na kuotesha mboga kwenye kitanda cha kokoto kisicho na udongo, maji yakizungushwa na pampu kati ya viwili hivyo. Uchafu wa samaki unakuwa mbolea ya mboga, na mboga zinayasafisha maji ya samaki. James Rakocy na wenzake wa Chuo Kikuu cha Visiwa vya Virgin, kule Karibi, walitumia miaka mingi kuupima mfumo huu, na mwaka 2014 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilichapisha mwongozo mzima kwa ajili ya wakulima wadogo. Vipimo vingi nitakavyovitaja vimo humo. Kinachomvuta mtu wa Mikumi, nadhani, ni hesabu ya maji: ukishajaza tanki, kila siku unaongeza asilimia 1 hadi 3 tu, kufidia yanayonywewa na majani na yanayochukuliwa na jua. Kwa anayenunua maji kwa dumu, hiyo ni sababu ya kutosha. Nyani na tembo wa Hifadhi ya Mikumi ni shauri lingine. Mchicha wako watautamani hata ukiota kwenye kokoto.

Sasa, kuna mtindo ambao sikubaliani nao hata kidogo. Fundi anakuja asubuhi na tanki, mabomba na pampu. Mchana anamwaga kokoto. Saa kumi anajaza maji, anapanda miche, anamimina vifaranga hamsini wa perege, mnapiga picha, analipwa, anaondoka. Mwenye nyumba anaona ameuziwa mfumo uliokamilika. Hajauziwa. Ameuziwa nyumba isiyo na choo, na wapangaji hamsini wamekwishaingia.

Kinachokosekana hakionekani kwa macho wala hakimo kwenye gari la fundi. Samaki akila, sehemu kubwa ya naitrojeni iliyokuwa kwenye protini ya chakula inamtoka kupitia matamvua ikiwa amonia. Amonia ni sumu. Ila kuna bakteria ambao amonia ndiyo riziki yao. Wanaigeuza kuwa naitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha bakteria wengine wanaichukua naitriti hiyo na kuifanya naitreti. Naitreti samaki anaivumilia kwa kiwango kikubwa, na mchicha unaifurahia. Mrusi Sergei Winogradsky ndiye aliyeonyesha, mwaka 1890, kwamba kazi hii ina hatua mbili na kila hatua ina wafanyakazi wake. Sayansi ikaamini hivyo kwa miaka 125. Mwaka 2015 watafiti wakatangaza kwamba wamempata bakteria wa jamii ya Nitrospira anayezifanya hatua zote mbili peke yake, na kundi mojawapo, la Nijmegen nchini Uholanzi, lilimpata kwenye chujio la mfumo wa kufugia samaki. Kwenye utelezi ule ule ambao mtu msafi anatamani kuusugua.

Bakteria hawa watakuja wenyewe, maana wamo udongoni, mtoni na hewani. Shida ni kwamba wanaongezeka polepole sana. Kwenye joto kama letu hutajwa wiki tatu hadi tano kabla hawajatosha, na mahali penye baridi kali yaweza kufika miezi miwili. Hapo Kilosa na Mikumi mna bahati. Wanafanya kazi vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 17 na 34, kwa hiyo hata kipupwe cha Juni na Julai kitawapunguza mwendo tu, hakitawasimamisha.

Kama una kalamu karibu, ishike. Tuseme mama mmoja pale Mikumi ana tanki la lita 1000 na vifaranga 50, kila mmoja gramu 10. Wote pamoja ni nusu kilo ya samaki. Anawalisha asilimia 5 ya uzito wao kwa siku, yaani gramu 25 za chakula chenye protini asilimia 32. Kwa makadirio yanayotumiwa na wafugaji wa samaki, chakula hicho kinazaa kama gramu 0.7 ya naitrojeni ya amonia kila siku. Kwenye lita 1000, hiyo ni miligramu 0.7 kwa kila lita. FAO wanataka amonia ibaki chini ya miligramu 1. Siku ya pili mama ameshavuka mstari, na hao ni vifaranga wa kuenea kiganjani. Akimimina gramu 100 kwa siku, kama wafanyavyo wengi kwa huruma au kwa haraka ya kunenepesha, atafika karibu miligramu 3 ndani ya siku moja. Na kile chakula cha kusaga nyumbani, pumba na unga wa dagaa, kinaongeza taabu: sehemu yake inakuwa vumbi ndani ya maji, samaki haioni, inaoza chini na kutoa amonia bila hata kupita tumboni mwa samaki.

Hapa ndipo inapoingia pH, na hapa naomba utulie kidogo. pH ni kipimo cha uchachu wa maji. 7 ni katikati, chini yake ni tindikali, juu yake ni upande wa magadi. Amonia iliyo majini ina sura mbili zinazobadilishana. Moja ina madhara madogo, nyingine inapenya kwenye matamvua na kuua. Kinachoamua ipi iwe nyingi ni pH pamoja na joto. Maji yakiwa na nyuzi 30 na pH ikiwa 7, ile inayoua haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote. pH ikiwa 8, inakuwa asilimia 7 au 8. Ikifika 9, inakaribia asilimia 45. Amonia yenyewe haijaongezeka hata chembe. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kupima wakapata namba moja, samaki wa huyu wanacheza na wa yule wamekwisha.

Na pH haitulii mahali pamoja. Tanki lililoachwa juani linaota mwani wa kijani. Mchana mwani unavuta kaboni dayoksaidi kutoka majini na pH inapanda. Usiku unairudisha, pH inashuka, na mwani huo huo unagombea oksijeni na samaki. Kwa hiyo anayepima saa moja asubuhi akaridhika amepima nusu. Pima tena saa tisa au saa kumi alasiri, jua la Mikumi likiwa limeshafanya kazi yake. Halafu lifunike tanki. Makuti, viroba, wavu wa kivuli, chochote kinachozuia mwanga. Hakuna dawa ya maji ya bei rahisi kuliko kivuli.

Wengi wakishayaelewa hayo huiogopa pH ya juu peke yake. Ya chini inakuja baadaye, na nadhani ndiyo inayomkuta mtu aliyevuka mwezi wa kwanza salama na kuanza kujiita mtaalamu.

Iko hivi. Bakteria wakiigeuza amonia wanatoa tindikali. Kila gramu moja ya naitrojeni wanayoigeuza inakula kama gramu 7 za chokaa iliyoyeyuka majini, pamoja na oksijeni gramu 4 na nusu. Rudi kwenye zile gramu 100 za chakula kwa siku. Zinatoa naitrojeni pungufu kidogo ya gramu 3, na hiyo inakula chokaa gramu 21. Kama maji yako yalikuwa na akiba ya chokaa ya miligramu 100 kwa lita, tanki zima la lita 1000 lina gramu 100. Hazifiki siku tano. Ni kweli mboga zikinyonya naitreti zinarudisha sehemu ya akiba, kwa hiyo mfumo uliosheheni majani hauishiwi upesi kiasi hicho. Lakini kwenye mfumo mpya mboga ni miche ya majani mawili, inarudisha nini? Akiba ikiisha, pH haishuki ngazi kwa ngazi. Inaporomoka. Ikipita chini ya 6 bakteria wanalegea, amonia inaanza kurundikana upya, na mwenye tanki anaapa kwamba jana palikuwa shwari.

Akishaambiwa pH iko chini, mkono unakwenda wapi? Kwenye magadi. Yapo jikoni, yanalainisha maharage, na ni kweli yanapandisha pH. Usiyatie. Magadi ni chumvi ya sodiamu, na sodiamu haina mlaji ndani ya mfumo huu. Mboga hazina kazi nayo, jua haliichukui, inabaki inaongezeka mwezi kwa mwezi mpaka majani yanaungua pembezoni. Majivu ya kuni yana potasiamu na chokaa, vitu ambavyo mboga zinavihitaji, lakini ni makali: konzi moja inaweza kuirusha pH alasiri moja, na umeshasikia amonia inavyofanya pH ikiruka. Chokaa ya kujengea ni kali vile vile. Mwenye subira atumie maganda ya mayai, yaoshwe, yakaushwe, yapondwe, au mawe ya chokaa yaliyosagwa, yatiwe kwenye kitambaa chenye matundu na kuning'inizwa mahali maji yanapopita. Yanayeyuka polepole maji yakiwa na tindikali, na tindikali ikipungua nayo yanapunguza kuyeyuka. Anayekaanga chipsi mayai pale barabarani Mikumi, malori yanaposimama, anaitupa dawa hiyo kila usiku.

Kokoto nazo zipimwe kabla hazijaingia. Chukua chache, zimwagie siki. Zikitoa povu zina chokaa, zitaipandisha pH usiku na mchana bila kuulizwa, na kama maji yako ya kisima ni magumu tayari, hutaishusha tena.

Maji yenyewe yatoke wapi? Kisima kirefu chaweza kuleta maji magumu au yenye chumvi, kwa hiyo yapime kabla hujanunua hata bomba. Ya mvua ni kinyume chake. Ni laini, hayana akiba ya chokaa, kwa hiyo pH yake ndiyo inayoporomoka mapema kuliko zote. Isitoshe yakipita kwenye bati lililopakwa zinki yanabeba zinki, na samaki wanaumia kwa zinki kidogo tu, hasa kwenye maji laini. Mvua za kwanza za vuli ziache zisuuze paa, kinga zinazofuata. Mara nyingi kuchanganya ya kisima na ya mvua kunatoa maji mazuri kuliko yoyote kati ya hayo peke yake. Maji ya bomba yana klorini, iliyowekwa makusudi iue vijidudu, na haichagui kati ya vijidudu vya kipindupindu na bakteria wako. Yaache siku moja au mbili kwenye chombo kilicho wazi, au yapigwe hewa. Dawa ile ya kutibu maji ya kunywa nyumbani ni klorini hiyo hiyo. Mkondoa wakati wa masika usiuguse. Maji yake yamejaa udongo, na huwezi kujua kilichosombwa kutoka mashamba ya juu.

Basi mtu anaanzaje? Anaanza bila samaki.

Jaza maji, washa pampu, uyaache yazunguke siku mbili. Kisha wape bakteria chakula. Urea ya mahindi inafaa. Gramu 4 hivi, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kwa lita 1000, inaleta karibu miligramu 2 za naitrojeni kwa lita ikishavunjika kuwa amonia. Usipime kwa mkono wa shambani. Ukizidisha sana, amonia inawalemea hata bakteria wenyewe. Asiye na urea aweke kikonzi cha unga wa dagaa akiache kioze, ni mwendo wa polepole na una harufu, ila unafika. Ukipata kokoto chache kutoka kwenye mfumo wa mtu unaofanya kazi, ambaye samaki wake ni wazima, ziweke kwenye kitanda chako. Hizo ni mbegu, zinakuokolea siku nyingi. Panda miche michache ya mchicha ikuchangamshe wakati unasubiri.

Kila siku mbili tatu pima. Utaona amonia imepanda, kisha inaanza kushuka yenyewe. Inaposhuka, naitriti inapanda, na hapo wengi hukata tamaa kwa sababu naitriti hukaa juu siku nyingi. Vumilia. Nayo itashuka, na naitreti itaanza kuonekana. Sasa tia tena kijiko kile kimoja. Amonia na naitriti zote zikirudi karibu na sifuri ndani ya siku moja au mbili, mfumo wako una choo. Siku hiyo, na si kabla, kachukue vifaranga. Kituo cha serikali cha Kingolwira hakiko mbali na Morogoro mjini, na hapo Morogoro pia kuna wataalamu wa samaki wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Usione haya kubeba chupa ya maji yako ukawaulize.

Kwa kupimia, karatasi ya litimasi ya shuleni haitoshi. Itakuambia tindikali au si tindikali, na wewe unataka kujua kama ni 6 na nusu au 7 na nusu. Unahitaji vipimo vya matone vya pH, amonia, naitriti na naitreti. Kama fedha haitoshi vyote na samaki pamoja, nunua vipimo, samaki wasubiri.

Na yule ambaye vifaranga wameshamiminwa, afanyeje? Hajapotea. Aache kulisha siku mbili tatu, kisha arudi na nusu ya chakula. Perege hafi kwa njaa ya siku tatu, anakufa kwa ukarimu wako. Abadilishe theluthi ya maji kwa maji yaliyokwisha kupumzika, na yale anayoyatoa ayamwagie matembele, hayapotei. Samaki wakihema juu ya maji ilhali pampu inafanya kazi vizuri, ashuku naitriti. Inaingia kwenye damu na kuizuia isibebe oksijeni, na damu inageuka rangi ya kahawia. Chumvi ya mezani kidogo inasaidia, kwa sababu kloridi yake inagombea mlango ule ule wa matamvua ambao naitriti inapitia. Lakini chumvi ni sodiamu tena, kwa hiyo iwe ya dharura, isiwe mazoea.

Niseme jambo la usafi, maana sisi ni watu wa kusugua. Mgeni anakuja Jumapili, binti anaambiwa aoshe kitanda cha kokoto kwa jiki king'ae. Kimeng'aa, na bakteria wa wiki tano wamekwisha. Kokoto zikiziba, zisuuzwe sehemu tu, kwa maji ya tanki lenyewe. Vivyo hivyo dawa za kuua vijidudu anazopewa samaki mgonjwa: akipewa ndani ya mfumo, zinawapiga na bakteria. Mtibu kwenye ndoo ya pembeni. Na dawa ya kunyunyizia mboga, hata ile ya pareto inayosifiwa kuwa ni ya asili, ni sumu kali kwa samaki. Vidukari watolewe kwa maji na vidole.

Mengine nayapitia haraka. Umeme ukikatika usiku kucha, perege waliobanana kwenye tanki dogo hawafiki mbali. Kambale ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, na hata amonia anaivumilia zaidi. Anayeanza ningemshauri kambale, pamoja na kifuniko kizito kwa sababu kambale anaruka na kutembea. Mboga ziwe za majani kwanza, mchicha, figiri, chainizi. Nyanya na bamia zisubiri mfumo ukomae. Kanuni ya FAO ni gramu 40 hadi 50 za chakula cha samaki kwa siku kwa kila mita moja ya mraba ya mboga za majani, kwa hiyo zile gramu 25 za yule mama zinalisha nusu mita tu, asishangae. Majani machanga yakiwa ya njano na mishipa yake ikabaki kijani, kinachokosekana ni madini ya chuma. Chakula cha samaki hakina chuma cha kutosha, na pH ikiwa juu hata kilichopo kinafungwa. Misumari yenye kutu haitasaidia, itafutwe mbolea ya chuma inayoyeyuka, ile wanayoiita keleti.

Na ukichoka kufuga, samaki usiwamwage Mkondoa. Mkondoa unaingia Wami, na Wami ina perege wake wa asili. Sato wa kuletwa wameshasambaa kwenye mabonde mengi ya mito ya Tanzania na wanazaana na wenyeji, na hakuna atakayeweza kuwachambua tena. Bora uwale.

Je, kila mtu awe na akwaponiki? Hapana. Kama una kiwanja chenye mfinyanzi na maji yanayofika kwa mfereji, chimba bwawa la udongo, fuga humo, na maji yake umwagilie bustani ya kawaida. Bwawa lina tope chini, lina maji mengi, lina viumbe vya kila aina, ukikosea kulisha leo linakusamehe hadi kesho. Tanki la lita 1000 halisamehi. Akwaponiki ni ya ua mdogo, ya maji ya kununua, na ya mtu ambaye hachoki kupima. Asiyependa kupima afuge kuku.

Lililobaki si la mfugaji. Ni la wenye maduka ya pembejeo wa Kilosa mjini, Mikumi, Dumila na Kimamba. Urea mnayo, mbegu mnazo, dawa za kunyunyizia zimejaa rafu. Leteni na vipimo vya maji. Pakiti moja ya matone inapima mara nyingi, na si lazima kila mteja anunue nzima, mnaweza kumpimia chupa yake pale kaunta kwa ada ndogo. Na nyinyi mafundi mnaofunga mifumo hii, andikeni kwenye makubaliano kwamba vifaranga wanaletwa baada ya vipimo kutulia, wiki ya nne au ya tano. Mteja akisisitiza wamiminwe siku ile ile ya kufunga tanki, mkataeni.